Je, Uhabeshi nao ulikuwa na nyarubanja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Muleba, Kagera. Babu yangu alikuwa mtwarwa, yaani mpangaji, katika shamba la nyarubanja, ule mfumo wa Buhaya wa kulima chini ya bwana mwenye ardhi, mpaka ulipofutwa, na mpaka leo akimtaja mtwazi wake, yule bwana, anatema mate. Juzi tulibishana kazini. Mwenzangu anasema Ethiopia ya Haile Selassie ilikuwa ya kikabaila kama Ulaya ya zamani, na ndiyo maana watu walikufa njaa. Mimi nashangaa. Nchi ile haikutawaliwa na mkoloni kama sisi, ililima kwa maksai karne nyingi wakati huku tuna jembe la mkono, na ina udongo mzuri. Ilikuwaje mkulima wake akabaki fukara? Na je, babu yangu angepata nafuu kama angezaliwa kule?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho limenichekesha, nalo nitalijibu mwishoni kwa sababu bila ya yale mengine halijibiki.

Tuanze na neno ukabaila, maana limetukaa vibaya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema nchi ya ujamaa kamili haina ubepari wala ukabaila, na sisi tuliosoma zama zile tukazoea kumwita kabaila kila mwenye ardhi na watu chini yake: mwinyi wa pwani, mtwazi wa Buhaya, ras wa Kihabeshi, bwana wa Ulaya katika ngome yake. Ni koti la kuazima, kila anayelivaa linampwaya mahali pengine. Ukitaka kuuelewa Uhabeshi, yaani hiyo Ethiopia ya wafalme, tenga maswali mawili: shamba ni la nani, na nani ana haki ya kula kilichotoka shambani. Kwenu nyarubanja iliyaweka yote mawili mkononi mwa mtwazi. Kaskazini mwa Uhabeshi haki hizo zilikuwa za watu wawili tofauti juu ya shamba lile lile. Kusini, kuanzia miaka ya 1880, ziliunganishwa kwa mtutu wa bunduki. Mkulima alikuwa na historia mbili chini ya taji moja, na mwenzako wa kazini amezimimina katika chungu kimoja.

Kiamhari kina mzizi mmoja wa maneno unaofaa kuwa mlango wetu. Mkulima huitwa gebere. Anayetoa kodi ni gebari. Kodi yenyewe ni gibri. Na karamu ya mfalme, ambapo maelfu ya askari waliketi kwa zamu wakila nyama mbichi na kunywa teji, pombe ya asali, nayo iliitwa gibri. Kodi na karamu ni neno moja! Sijaona mchumi aliyeueleza uchumi wa nchi ile kwa ufupi kuliko lugha yenyewe.

Twende kaskazini kwanza: Tigray, Begemder, Gojjam, Wollo na sehemu ya Shewa. Ni nyanda za juu zenye baridi, zinazolimwa tefu, shayiri na ngano kwa maresha, yaani plau ya mti yenye ncha ya chuma inayovutwa na jozi ya maksai. Plau hiyo huuchana udongo bila kuupindua, ndiyo maana shamba la tefu hulimwa mara tatu, nne, hata tano kabla ya kupanda. Mkulima wa huko alikuwa na risti. Hiyo ni haki ya kupata sehemu katika ardhi iliyofunguliwa na babu fulani wa zamani, na ilipita kwa baba na kwa mama, kwa mwana na kwa binti. Sasa piga hesabu. Baba na mama wa babu na bibi zako peke yao ni wanane, na kila mmoja wao alitoka katika koo zilizofungua mashamba mahali fulani. Kwa maneno matupu ungeweza kudai vipande katika vijiji kumi. Kwa vitendo ulipata pale tu ulipokuwa na nguvu ya kudai: ndugu wa kukushuhudia, fedha ya kesi, sauti mbele ya mkuu wa kijiji, na maksai wa kukilima utakachopewa.

Ndiyo maana nchi ilijaa kesi za ardhi. Wageni waliopita huko walishangaa kuona mdai na mdaiwa wamefungwa pamoja kwa ncha za shuka zao, wakienda kwa hakimu kama maharusi. Mkulima kupoteza nusu ya msimu barazani kwa ajili ya kipande cha shangazi wa bibi lilikuwa jambo la kawaida. Lakini tazama faida yake: risti haikuuzwa kwa mgeni, na aliyezaliwa katika ukoo wenye risti hakukosa kabisa pa kulima. Mtu hodari alikusanya vipande, akawa na nyumba kubwa yenye vijana wa kazi, na alipokufa, watoto na wapwa wakavigawanya tena. Utajiri wa ardhi ulipanda na kushuka na umri wa mtu.

Kitu kilichomtenga tajiri na maskini kijijini kilikuwa zizi. Mwenye maksai wawili alikuwa mtu kamili. Mwenye mmoja alimtafuta jirani mwenye mmoja wakaunganisha jozi, leo kwako, kesho kwangu. Asiye na maksai alimpa shamba lake mwenye nao wagawane mavuno, kwa hiyo ungeweza kukuta mwenye ardhi ni maskini kuliko anayemlimia. Mjane aliingia hapo hapo. Sheria ilimpa risti sawa na kaka yake, mila ikamkataza kushika plau, na hivyo haki yake ilipitia mkono wa mwanamume hata iweje.

Na wapo waliowekwa nje ya ua. Waislamu wa nyanda za juu na Beta Israeli, wale Wahabeshi wa dini ya Kiyahudi, kwa muda mrefu walizuiwa kumiliki risti. Waislamu wakawa wafanyabiashara. Beta Israeli wengi wakawa wahunzi, wafinyanzi na wafumaji, wakilima mashamba ya watu. Kwa hiyo biashara na ufundi viliangukia mikononi mwa waliodharauliwa. Mhunzi aliyetengeneza ncha ya plau iliyolisha kila mtu aliogopwa kuwa ana jicho baya, kwamba usiku hugeuka fisi. Nchi inayomwogopa fundi wake wa chuma itapata wapi plau bora? Hilo ni swali langu mwenyewe, na wenzangu wengine huona nalikuza mno.

Juu ya risti ilikaa gulti, haki ya kula. Mfalme hakumpa bwana shamba. Alimpa eneo, na wakulima wa humo wakamletea sehemu ya nafaka, asali, siagi, kondoo, na siku za kazi katika shamba lake lililoitwa hudadi. Kulikuwa na zaka pia, asrati, fungu la kumi. Waliopewa gulti ni wakuu wa vita, wanawake wa ukoo wa kifalme na makanisa. Mkuu wa vita alirudisha fadhila kwa kuleta askari, kanisa kwa sala. Hapa ndipo tofauti na Ulaya inapokuwa kubwa. Bwana wa Ulaya aliyerithi shamba na kinu chake alijua mjukuu wake atakula papo hapo. Bwana wa Kihabeshi alijua leo yupo, kesho hayupo. Mfalme alipanda watu na kuwashusha kila mara ili asiwepo aliyeota mizizi, na desturi hiyo ina jina lake, shumu-shiri, teua-ondoa. Nani atachimba mfereji katika eneo atakaloondolewa mwakani? Ukipewa muda mfupi wa kula, utakula haraka.

Waliokula zaidi ni askari. Majeshi yalitembea na wake, watumishi, wapishi na watoto, na yalilala katika nyumba za wakulima. Wilaya iliyopitiwa na jeshi, liwe la adui au la mfalme wake mwenyewe, ilibaki kama imepitiwa na nzige. Mfalme Tewodros, aliyetawala kuanzia 1855 hadi 1868, aliliona hilo wazi. Alitaka askari walipwe mshahara wasiibe, na ili kuupata aligusa pasipoguswa: alipendekeza kila kanisa libaki na ardhi ya kuwatosha mapadri wawili na mashemasi watatu, iliyobaki itoe kodi. Makasisi wakamgeuka. Wakulima hawakumtetea, kwa sababu jeshi lake nalo lilikuwa na njaa ile ile. Kuna methali inayohusishwa na Wahabeshi: bwana mkubwa akipita, mkulima mwerevu huinama mpaka chini, na hujamba kimya kimya. Unisamehe, lakini nadhani babu yako ataielewa bila mkalimani.

Hata miji ilikuwa ni kambi. Ukiacha Gondar, iliyoanzishwa na mfalme Fasiledes mnamo 1636, makao ya wafalme yalikuwa mahema yaliyohama kuni zikiisha. Addis Ababa yenyewe, iliyoanzishwa 1886, ilitaka kuhamwa baada ya miaka michache kwa kukosa kuni. Iliokolewa na mikaratusi iliyoletwa kutoka ng'ambo, ambayo mpaka leo wanaiita bahri-zafu, mti wa baharini.

Biashara ilikuwepo, ila ilipita juu ya kichwa cha mkulima. Misafara ilipandisha chumvi kutoka jangwa la Danakil ikiwa imekatwa vipande viitwavyo amole, na vipande hivyo vilitumika kama fedha: kadiri ulivyokwenda mbali na machimbo ndivyo amole ilivyonunua zaidi. Kwa mambo makubwa ilitumika riale ya Maria Theresa, ile ile iliyohesabiwa Unguja, yenye mwaka 1780 hata kama imepigwa chapa juzi. Kila njia panda ilikuwa na kizuizi cha ushuru, na kila kizuizi kilikuwa na bwana wake.

Sasa ninakuja kwenye jambo ambalo watu hulipita haraka, nami nitakaa hapo kidogo. Mwaka 1887 Waitalia waliokuwa katika bandari ya Massawa waliingiza ng'ombe wa kulisha jeshi lao, na ng'ombe hao walikuja na sotoka. Ugonjwa ukapanda milimani. Ndani ya miaka miwili, kwa simulizi za wakati ule, katika sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikuwa wamekufa. Mvua ya 1888 ikakatika, wakaja nzige na viwavi. Lakini fikiria kwa macho ya mkulima niliyekueleza: udongo upo, risti ipo, na pengine mbegu ipo. Hana wa kuvuta plau. Watu walijaribu kuchimbua kwa vijiti na majembe mashamba ambayo karne nyingi yalilimwa na maksai, na mkono hauwezi kazi hiyo kwa eneo la kutosha kulisha nyumba. Inasimuliwa kwamba mfalme Menelik mwenyewe alishika jembe ili wakuu wake waone haya, na akakataa kula nyama. Njaa iliendelea mpaka 1892. Wahabeshi wanaiita Kifu Ken, siku mbaya. Wapo wanaokadiria kwamba theluthi ya watu walikufa. Hesabu hiyo haithibitiki, ila hakuna anayebisha kwamba wilaya nzima nzima zilibaki mahame.

Sotoka hiyo haikuishia Uhabeshi. Karibu na 1890 ilikuwa imefika Umasaini na kuendelea kusini, na wazee wa huku waliihesabia miaka. Kwa hiyo unaposema wenzetu walikuwa na maksai sisi tuna jembe la mkono, kumbuka kwamba nguvu ya maksai ndiyo iliyokuwa shingo yao pia. Virusi vimoja viliikata.

Askari wa kaskazini wenye njaa walikwenda wapi? Kusini. Menelik alikuwa amekwisha kuanza kuteka nchi za Waoromo na wengine kabla ya sotoka, lakini njaa ilitia mwendo. Mwaka 1894 aliongoza mwenyewe jeshi dhidi ya Wolayta, mfalme Tona akatekwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Mwaka 1897 ikaanguka Kaffa, nchi inayosemwa kuwa chimbuko la kahawa, na mfalme wake Gaki Sherocho akachukuliwa mfungwa. Katikati ya hayo ni Adwa, Machi 1896, ambako Waitalia walipigwa vibaya na Afrika nzima ikafurahi. Wanajeshi walioshinda Adwa walitakiwa kulishwa, na waliowalisha ni watu wa kusini. Sisemi hivi kuiondolea Adwa heshima yake. Nasema bili ilitumwa kwa nani.

Huko kusini ungejisikia nyumbani zaidi. Sehemu nyingi hazikulima nafaka kwanza. Zililima enseti, mmea ambao ukiuona utadhani ni mgomba wa kwenu, ila hauliwi tunda lake, wanakula shina na kiazi chake baada ya kukichachusha ardhini. Watu wa huko walikuwa na wafalme wao, koo zao na namna zao za kugawa ardhi. Akaja neftenya, mwenye bunduki, maana nefti ni bunduki. Badala ya mshahara alipewa watu. Askari wa kawaida alipewa familia chache, mkuu alipewa mamia, kila mtu kwa cheo chake. Neno gebari, ambalo kaskazini lilimaanisha mlipa kodi mwenye shamba lake, kusini likageuka kuwa mtu aliyefungwa kwa bwana. Alimlimia, alimsagia unga, alimkatia kuni, alimjengea ua, alimlinda nyumbu wake, alimbebea nafaka safari ya siku kadhaa mpaka ngomeni, na mwisho wa mwaka akamletea asali na siagi kana kwamba ni zawadi. Wakubwa wa kienyeji waliokubali utawala mpya waliitwa balabati na wakaachiwa theluthi ya ardhi. Jina hilo maana yake ni mwenye baba. Wengine wote, basi, hawakuwa na baba.

Kisha ikaja kaladi, kamba ya kupimia. Ardhi ikapimwa kwa gasha, kipimo cha hekta 40 hivi. Gasha ni ngao pia, na sijui kama kuna mahali pengine ambapo mkulima alipimiwa shamba lake kwa ngao ya aliyemshinda. Kilichopimwa kiliweza kupewa kanisa, askari, afisa wa Addis Ababa, na baadaye kikauzwa. Chini kabisa ya ngazi walikuwa watumwa. Wengi walitolewa kusini na kusini-magharibi, wakapelekwa mpaka bandari za Bahari ya Shamu na Arabuni, na ndiyo maana ukisoma habari za majumba ya masultani wa Zanzibar utawakuta masuria wa Kihabeshi. Uhabeshi uliahidi kukomesha biashara hiyo ulipoingia Shirikisho la Mataifa mwaka 1923, lakini sheria ya kuufuta utumwa moja kwa moja ilitoka 1942.

Haile Selassie alivikwa taji 1930, akafukuzwa na Waitalia 1936, akarudi 1941. Usimwone kama mtu aliyelala. Aliondoa mabwana wenye majeshi yao, akajenga jeshi la mshahara, wizara, shule, na akataka kodi ilipwe kwa fedha moja kwa moja kwa serikali. Ugebari ule wa kusini ulikwisha. Lakini angalia ulivyokwisha. Kazi za bure zilifutwa, halafu ardhi iliyokuwa gulti au zawadi ya askari ikaandikwa kuwa mali binafsi ya yule aliyekuwa akiila. Gebari wa jana akaamka mpangaji. Alitoa theluthi ya mavuno, akaitwa siso arashi, au nusu, akaitwa ekuli arashi, na juu yake zaka ambayo kisheria ilikuwa ya mwenye ardhi. Angeweza pia kufukuzwa, jambo ambalo zamani bwana hakuwa na haja nalo, kwani bila gebari ardhi haikuwa na faida. Hapa sasa ndipo panapofanana na kwenu kuliko popote: haki ya kula imegeuzwa kuwa haki ya kumiliki, kwa karatasi, na kahawa imeingia katikati. Kahawa ilileta zaidi ya nusu ya fedha za kigeni za nchi. Katika mikoa kama Kaffa, Illubabor na Shewa zaidi ya nusu ya wakulima walikuwa wapangaji.

Kaskazini walikataa kupimwa. Gojjam waliasi mapema miaka ya 1940, wakaasi tena 1968 serikali ilipotaka kodi ya mapato ya kilimo, kwa sababu waliamini, na historia ya kusini iliwapa haki ya kuamini, kwamba kamba ikishapita risti haipo. Zilipelekwa ndege za kivita. Mwishowe serikali ilirudi nyuma na malimbikizo ya kodi yakasamehewa. Kwa hiyo dola lilipata fedha kidogo kaskazini kwa kuwa wakulima waliweza kukataa, na kidogo kusini kwa kuwa wenye ardhi ndio walioketi bungeni. Muswada wa kumlinda mpangaji ulizungushwa miaka na miaka, haukupita.

Maendeleo yenyewe yakawa balaa. Mwaka 1967 ulianza mradi wa kilimo huko Chilalo, Arsi, kwa msaada wa Sweden: mbegu bora, mbolea, mikopo. Ngano ikakubali. Wenye ardhi walipoona ngano inalipa, nao wakiweza kuingiza matrekta na mafuta bila ushuru, waliwaondoa wapangaji wakalima wenyewe. Kwenye bonde la Awash mashamba ya pamba na miwa yalichukua malisho ya kiangazi ya Waafar. Hapo mwenzako anahitaji kusikiliza vizuri. Ufukara huu haukuwa masalio ya kale. Ulikuwa mpya.

Ikaja njaa ya Wollo, 1972 hadi 1974. Mvua ilikosekana, ndiyo, lakini nchi kwa jumla haikuishiwa chakula, na nafaka ilionekana ikitoka Wollo kwenda sokoni Addis Ababa na Asmara. Waliokufa ni waliokosa cha kubadilisha na chakula: mfugaji wa Kiafar ambaye malisho yake yalikuwa pamba na mifugo yake imekufa, mpangaji aliyekwisha kuuza maksai, kibarua. Kodi za mashamba ziliendelea kudaiwa. Makadirio ya vifo yanatofautiana sana, ya juu yakifika 200,000. Serikali ilificha. Filamu ya mwandishi wa Kiingereza, Jonathan Dimbleby, iliionyesha njaa hiyo kwa ulimwengu mwaka 1973, na Septemba 1974 wanajeshi waliirusha kwenye televisheni ya Addis Ababa ikiwa imechanganywa na picha za karamu za ikulu. Asubuhi iliyofuata, tarehe 12, mfalme aliondolewa. Umeliona lile neno letu, gibri? Walioichanganya filamu ile walilijua vizuri.

Wanafunzi walikuwa wameandamana tangu 1965 wakisema *meret le-arashu*, ardhi kwa mwenye kulima, na arashi ni yule yule wa theluthi na nusu. Tarehe 4 Machi 1975 sheria ikatoka: ardhi yote ya vijijini ni ya umma, familia isizidi hekta 10, hakuna kuuza, hakuna kupangisha, hakuna fidia. Wanafunzi na walimu wapatao 60,000 wakatumwa vijijini kuitangaza. Kusini watu walicheza ngoma. Kaskazini walinyamaza, maana huko sheria ilimpa mtu ardhi aliyokuwa nayo tayari, ikamwondolea mababu zake wanane.

Ni mabadiliko makubwa kuliko yetu ya Sheria ya Nyarubanja ya 1965, ambayo ilimpa mtwarwa shamba likawa lake. Kule lilikuwa la dola. Tena dola lililokuwa vitani Eritrea, Ogaden na Tigray, na likalikuza jeshi mpaka likawa miongoni mwa makubwa kuliko yote kusini mwa Sahara. Shirika la serikali la kununua nafaka lilianzishwa 1976, vyama vya wakulima vikapangiwa viwango vya kuuza kwa bei ya chini, na mkulima akarudi kulisha askari wasiolima, safari hii kwa risiti. Njaa ya 1984 naamini unaijua, kwa kuwa dunia iliiimbia.

Haya, babu. Unayemwuliza mimi ni mtu wa vitabu, ila nitajaribu. Kama angezaliwa Arsi au Kaffa mwaka ule aliozaliwa Muleba, asingepata nafuu hata chembe. Mtwazi alikuwa Mhaya mwenzake, walizikana na kuhudhuriana harusi, na alimtukana kwa lugha anayoielewa. Kule angetukanwa kwa Kiamhari, na angengoja mpaka 1975. Kama angezaliwa Gojjam, katika ukoo wenye risti, akiwa na maksai wawili na mdomo wa kesi, ningesema angeishi vizuri kuliko alivyoishi chini ya nyarubanja, mradi asizaliwe kabla ya sotoka na kijiji chake kisiwe karibu na barabara ya jeshi. Lakini mwulize kwanza kama angekubali kuishi bila ndizi.